Mwongozo kamili wa kwenda Losar, mwaka mpya wa Wabudha wa Ladakh

Kila mwaka kuna watu wanaosafiri hadi Ladakh, milimani kaskazini kabisa mwa Uhindi, kwa ajili ya mwaka mpya wa Wabudha, na wengi wao hurudi bila kuuona. Wapo wanaofika Februari wakaambiwa sherehe ilikwisha Desemba. Wapo wanaofika siku yenyewe, wakashinda kitandani kichwa kikiwapasuka. Na wapo wanaofika wazima, tarehe sahihi, kisha wakasimama sokoni kutwa wakingoja ngoma za vinyago, wakati sherehe inaendelea ndani ya nyumba za watu.

Mwongozo huu umeandikwa ili yasikupate hayo matatu. Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: Losar ya Ladakh ni sikukuu ya nyumbani, na kitovu chake ni jiko. Haina tiketi wala jukwaa. Ukiwa na mwenyeji utaiona, usipokuwa naye utapita nje ya milango iliyofungwa kwa sababu ya baridi. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inalenga kukufikisha kwenye jiko la mtu, siku inayotakiwa, ukiwa na pumzi na hamu ya kula.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Karatasi. Pasipoti yenye miezi isiyopungua sita na kurasa tupu, viza ya Uhindi, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na bima ya safari inayotaja kwa maandishi kwamba inagharamia matibabu ya ugonjwa wa mwinuko, yaani ule wa kufika mahali pa juu haraka kuliko mwili unavyozoea. Soma masharti ya bima mpaka mwisho. Nyingine huishia mita 3,000, na Leh, mji mkubwa wa Ladakh, uko mita 3,500 hivi.

Nguo. Usiku wa Desemba mjini Leh joto hushuka hadi nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri. Unahitaji nguo za ndani za kubana zinazotunza joto, jozi mbili. Sweta zito la sufu au flisi. Koti nene lililojazwa manyoya. Suruali ya kuzuia upepo. Soksi za sufu. Kofia inayofunika masikio. Na glavu za tabaka mbili. Viatu viwe vikubwa kidogo kuliko kawaida, kwa sababu kiatu kinachobana soksi mbili huzuia damu na vidole huanza kufa ganzi.

Usinunue vitu hivi dukani kwa bei ya dola. Gikomba na Toi jijini Nairobi, au kwenye mitumba ya Dar, makoti ya theluji hupatikana kwa bei ndogo kwa kuwa huku wanunuzi wake ni wachache. Ukiwa Moshi au Arusha, wanaokodisha vifaa vya kupandia Kilimanjaro watakukodisha karibu kila kitu, pamoja na begi la kulalia.

Vitu vidogo vinavyookoa siku. Chupa ya chai inayotunza joto, mafuta mazito ya midomo na ngozi, miwani ya jua, tochi ya kichwani, pawabenki, na adapta ya soketi za Uhindi, kwa sababu plagi zetu za miguu mitatu ya bapa hazitaingia.

Dawa. Za maumivu, za kuharisha, unga wa chumvichumvi wa kuongeza maji mwilini, na dawa ya mwinuko kama daktari atakuandikia. Beba pia kipimo cha haraka cha malaria na dozi moja ya dawa mseto. Sababu yake utaikuta kwenye hatua ya 5.

Zawadi. Majani ya chai ya kwetu, karafuu, iliki, njugu au matunda makavu. Vitambaa vyeupe vya heshima, viitwavyo *khatag*, utavinunua Leh kwa bei rahisi. Nunua vingi kuliko unavyodhani utahitaji.

## Hatua ya 1: Tafuta tarehe, wala usibahatishe

Hapa ndipo wengi huanguka. Ukitafuta “Losar” kwenye intaneti utapewa tarehe ya Februari au Machi. Hiyo ni Losar ya Watibeti. Watu wa Ladakh husherehekea ya kwao miezi miwili mapema, siku ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja wa kalenda ya Kitibeti. Masimulizi ya huko yanasema mfalme Jamyang Namgyal, wa karne ya 17, aliitanguliza kwa kuwa alikuwa anakwenda vitani na hakutaka kungoja.

Kalenda yenyewe ni ya mwezi mwandamo, jambo ambalo mtu wa pwani halimsumbui. Tofauti ni kwamba kalenda ya Hijria huzunguka misimu yote, wakati hii ya Kitibeti huongezewa mwezi wa kumi na tatu kila baada ya miaka michache, kwa hiyo Losar haitoki kwenye majira ya baridi.

Kupata tarehe, fanya hivi:

1. Tafuta tarehe ya Losar ya Watibeti ya mwaka unaofuata.
2. Rudi nyuma siku 59, yaani miezi miwili ya mwandamo.
3. Siku unayoangukia ndiyo Losar ya Ladakh, au jirani yake kabisa.

Mfano: Losar ya Watibeti ilikuwa tarehe 28 Februari 2025. Ukirudi siku 59 unapata 31 Desemba 2024. Mwaka uliofuata ilikuwa 18 Februari 2026, na hesabu inakupeleka 21 Desemba 2025. Unaona inavyohama: mwaka mmoja inagusa Mwaka Mpya wa Kizungu, mwaka mwingine iko kabla ya Krismasi.

Sasa rudi nyuma siku sita zaidi. Hapo ndipo panapoangukia Galdan Namchot, siku ya 25 ya mwezi wa kumi, kumbukumbu ya mwanazuoni Tsongkhapa. Usiku huo monasteri na nyumba za Ladakh huwashwa taa za siagi, na ndio hufungua msimu wa Losar.

Tahadhari: hesabu hii ni ya kupangia. Usilipie tiketi isiyorudishwa mpaka mtu wa Leh akuthibitishie, kwa sababu kalenda ya Kitibeti huweza kuruka siku au kuirudia.

Umefaulu ikiwa una tarehe mbili mkononi, ya Galdan Namchot na ya Losar, na mtu aliyeko Ladakh amekubaliana nazo zote mbili.

## Hatua ya 2: Pata mwenyeji kabla ya tiketi

Wengi hununua tiketi kwanza, kisha wakatafuta mahali pa kulala. Majira ya baridi mpango huo haufanyi kazi. Hoteli nyingi za Leh hufungwa kwa sababu mabomba ya maji huganda, na zilizobaki wazi hazitakupeleka jikoni kwa mtu.

Unachotafuta ni familia inayopokea wageni nyumbani kwake. Kwa mara ya kwanza chagua kijiji kilicho karibu na Leh kwenye bonde la mto Indus: Stok, Phyang, Saboo, Shey, Thiksey au Matho. Vyote vinafikika kwa gari kutoka mjini bila kuvuka njia ya mlimani. Bonde la Nubra linavutia, lakini njia yake ya kawaida hupanda Khardung La, zaidi ya mita 5,300, na mgeni kutoka nje anahitaji kibali maalumu kupitia wakala aliyesajiliwa. Leh na vijiji nilivyovitaja havihitaji kibali hicho.

Unapomwandikia mwenyeji, muulize mambo manne bila kuzungukazunguka:

- Je, familia itakuwepo nyumbani siku zote za Losar, au itahamia kwa wazazi?
- Je, mgeni anaruhusiwa kukaa nao jikoni na kula nao?
- Chumba kinapashwa joto kwa nini?
- Choo ni cha aina gani, na maji hupatikanaje?

Swali la kwanza ndilo zito. Gesti inaweza kupokea pesa yako halafu wenyewe wakaenda kijijini kwao, wakakuachia funguo na kijana mmoja wa kukuchemshia maji.

Kama wewe ni Mwislamu, sema mapema kuhusu nyama na pombe. Leh ina Waislamu wake tangu zamani, na Msikiti wa Ijumaa uko palepale sokoni, chini ya kasri la kale. Kwa hiyo ombi lako si geni kwa mtu wa Leh, na nyama ya halali hupatikana. Lisemwe tu kabla sufuria haijatengwa.

Umefaulu ikiwa mwenyeji amekujibu kwa jina la kijiji, ameeleza watakula nini usiku wa kufunga mwaka, na amesema utaketi nao.

## Hatua ya 3: Viza na chanjo

Hapa nitapita haraka. Mkenya na Mtanzania wanaweza kuomba viza ya kielektroniki ya Uhindi. Tumia tovuti rasmi ya serikali ya Uhindi pekee, indianvisaonline.gov.in. Zipo nyingine zinazofanana nayo, zinazotoza mara kadhaa ya bei, na mara nyingi ndizo hutokea juu unapotafuta.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia Uhindi. Wahindi hudai cheti kwa watu wanaotoka au kupita nchi zenye ugonjwa huo, zikiwemo Kenya, Uganda na Congo, na asiye nacho huweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Mtanzania anayeunganisha ndege Nairobi naye abebe cheti chake. Siku sita za karantini Delhi ni Losar nzima.

## Hatua ya 4: Panga ndege kwa kuhesabu kutoka Losar kurudi nyuma

Majira ya baridi fikiria ndege tu. Barabara ya kutoka Manali hufungwa kwa theluji, na ile ya Srinagar hupita Zoji La, ambako theluji huweza kuziba njia wakati wowote.

Ndege ya Delhi hadi Leh huchukua saa moja na dakika chache. Huruka asubuhi kwa sababu mchana upepo wa milimani hukorofisha. Desemba kuna tatizo jingine: ukungu wa Delhi, ambao huchelewesha ndege za alfajiri, na ndege iliyochelewa sana hukosa nafasi ya kutua Leh na kuahirishwa hadi kesho yake.

Ratiba ninayoipendekeza ni hii:

- Siku 10 kabla ya Losar: fika Delhi, lala.
- Siku 9 kabla: siku ya akiba Delhi. Toa pesa taslimu, pumzika.
- Siku 8 kabla: ruka kwenda Leh.
- Siku 8 hadi 6 kabla: pumziko Leh, kisha taa za Galdan Namchot.
- Siku 4 kabla: hamia kijijini kwa mwenyeji.
- Siku ya 3 au ya 4 baada ya Losar: rudi Delhi.
- Siku 2 baada ya hapo: ndege ya kurudi nyumbani.

Likizo yako ikiwa fupi, kata Galdan Namchot ufike Leh siku nne kabla ya Losar. Chini ya hapo usijaribu. Na usiunganishe ndege ya kutoka Leh na ya kimataifa siku moja, hata kama saa zinaonekana kutosha.

Angalia pia uzito wa mizigo. Ndege za ndani za Uhindi kwa kawaida huruhusu kilo 15 za begi, na koti lako na viatu vinakula sehemu kubwa. Vivae safarini.

## Hatua ya 5: Saa 48 za kwanza, usifanye chochote

Hatua hii ndiyo hudharauliwa kuliko zote, na ndiyo inayoweza kuua.

Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anakijua kibanda cha Horombo, mita 3,720. Mpandaji hukifikia siku ya pili, baada ya kulala Mandara kwenye mita 2,720, mwili ukizoea njiani. Leh iko chini ya Horombo kidogo tu, na ndege inakutoa Delhi, karibu usawa wa bahari, hadi hapo kwa saa moja na ushei. Mwili haukupewa nafasi. Unashuka ngazi za ndege ukijisikia safi kabisa, na huo ndio mtego, kwa kuwa dalili huja saa 6 hadi 12 baadaye, mara nyingi usiku.

Kwa hiyo, siku mbili za kwanza:

1. Nenda moja kwa moja chumbani. Usibebe begi zito mwenyewe.
2. Lala au keti. Ukitembea, tembea ndani ya uwanja wa nyumba.
3. Kunywa maji na supu mara kwa mara. Hewa ni kavu mno na hutahisi kiu.
4. Usiguse pombe wala dawa za usingizi. Zote hupunguza pumzi ukiwa umelala.
5. Usipande popote, hata kasri la Leh linaloonekana pale juu ya mji.

Kuhusu acetazolamide, ambayo wengi huijua kwa jina la Diamox: huanza kumezwa siku moja kabla ya kupanda. Itakukojoza sana na itakutekenya vidole. Hayo ni ya kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa lazima amweleze daktari kabla.

Tahadhari kwa watu wa kwetu hasa. Jambo la kwanza ni selimundu. Mgonjwa wa selimundu asiende. Na aliyebeba kinasaba chake tu, bila kuumwa, aongee na daktari kwanza, kwa sababu kwenye mwinuko kama huu bandama lake linaweza kukosa damu na kuumia. Wengi wetu hatujui hali yetu. Kipimo ni cha damu, na kifanywe kabla ya kulipa chochote.

Jambo la pili ni malaria. Ukipata homa kali na kutetemeka siku chache baada ya kufika, daktari wa Leh atafikiria baridi, mafua au mwinuko. Mbu wa malaria hawaishi kwenye baridi ile, kwa hiyo malaria haiko mbele ya mawazo yake. Mwambie wewe mwenyewe umetoka wapi, na ujipime.

Jua tofauti hii. Kichwa kuuma kiasi, kukosa hamu ya kula, usingizi wa kukatika: kaa ulipo, usipande, vitapungua. Lakini kupepesuka, kuchanganyikiwa, kuhema ukiwa umekaa, au kikohozi cha povu lenye rangi ya waridi, hizo ni dalili za ubongo au mapafu kujaa maji. Nenda hospitali ya Sonam Norboo Memorial mjini Leh saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Usiseme utashuka bondeni kesho kwa gari: kutoka Leh barabara za nje hupanda njia za juu za milimani kabla ya kukufikisha chini kweli. Hata ya Kargil hupita Fotu La, zaidi ya mita 4,100.

Umefaulu ikiwa asubuhi ya siku ya tatu umeamka na njaa, na unaweza kupanda ngazi za ghorofa moja ukiwa unaongea.

## Hatua ya 6: Kuishi kwenye baridi bila kujidhuru

Nyumba nyingi hupashwa joto na *bukhari*, jiko la bati lenye bomba la moshi, la kuni au mafuta ya taa. Hatari yake unaijua, ni ileile ya kulala na jiko la mkaa ndani. Lizimwe kabla ya kulala, na dirisha liachwe na upenyo. Usikubali heshima ya mwenyeji anayetaka kukuachia moto usiku kucha. Omba blanketi jingine na chupa ya maji ya moto ya kuweka miguuni.

Choo cha kijijini ni kikavu: chumba chenye tundu sakafuni, na lundo la udongo na majivu pembeni. Ukimaliza, sukumia udongo. Mchanganyiko ule huwa mbolea ya mashamba ya shayiri, kwa hiyo usimwage ndoo ya maji humo wala kutupa plastiki. Anayetawadha aombe birika la maji ya vuguvugu na amuulize mwenyeji pa kuyamwagia. Utaonyeshwa bila tabu.

Simu hukata chaji ghafla kwenye baridi. Lala nayo ndani ya begi la kulalia. Na laini ya kulipia kabla uliyonunua Delhi haitafanya kazi Ladakh. Zinazopata mtandao kule ni za kulipia mwisho wa mwezi, au laini zilizosajiliwa hukohuko. Waage watu wa nyumbani kabla hujaruka, kisha utegemee intaneti ya mwenyeji.

## Hatua ya 7: Siku za mwisho wa mwaka

Sasa umefika jikoni. Jiko la Ladakh ndicho chumba kikubwa na kizuri kuliko vyote nyumbani. Katikati au pembeni kuna jiko la chuma, na ukutani rafu zimepangwa masufuria na vijiko vya shaba vilivyosuguliwa vikang'aa. Wakati wa Losar utaona pia mbuzi wa milimani wenye pembe ndefu zilizopinda, wamechorwa ukutani kwa unga au wamefinyangwa kwa kinyunya na kusimamishwa kwenye rafu. Ni alama za heri na uzazi. Usiwashike, hata kama mtoto wa nyumba anawachezea.

Wageni huketi chini kwenye zulia kando ya ukuta, nyuma ya meza fupi, na nafasi hufuata umri na cheo. Usichague mwenyewe pa kukaa. Simama mlangoni, vua viatu, subiri uelekezwe. Ukipewa nafasi ya juu kuliko umri wako, sogea chini kidogo, ukisisitiziwa, kubali. Mtu aliyelelewa na bibi wa Kiswahili atayaelewa haya bila kufundishwa.

Guthuk. Tarehe 29 ya mwezi wa kumi wa Kitibeti huliwa supu iitwayo *guthuk*, ya viungo tisa. Ndani yake mna madonge makubwa ya unga, na kila mmoja hupewa lake. Ulipasue polepole mbele ya wote, kwa sababu ndani kumefichwa kitu. Pilipili maana yake mwenye maneno mengi. Mkaa, moyo mweusi. Sufu, mtu mpole. Jiko zima litakutazama unapofungua lako, na ukikuta kipande cha mkaa, kiinue juu wote wakione na ucheke nao. Anayeficha chake huharibu mchezo, na mwaka unapaswa kuagwa kwa kicheko.

Mienge. Jioni za kufunga mwaka hufanyika *metho*. Watu hutoka na mienge ya moto, wakiizungusha hewani na kupiga kelele za kufukuza mabaya ya mwaka, hadi nje ya makazi, wanakoitupa. Mjini Leh msafara hupita sokoni. Vijijini ni mdogo zaidi, na mimi naupendelea huo, kwa kuwa unatembea na watu unaowajua kwa majina. Vijiji vingine hurudi na mabonge ya barafu na kuyaweka ghalani kama heri. Kaa nyuma ya wabeba mienge. Koti la nailoni huyeyuka kwa cheche moja.

Wafu. Familia pia hupeleka chakula kwa ajili ya jamaa waliofariki. Hapo usifuate mpaka uitwe, na kamera ibaki nyumbani.

Umefaulu ikiwa umekula guthuk na familia na kuona moto ukitupwa, na picha ulizopiga ni chache.

## Hatua ya 8: Siku ya kwanza ya mwaka

Asubuhi watu huvaa vizuri, wengi *goncha*, joho zito la sufu la kufunga kwa mshipi. Baadhi ya wanawake huvaa *perak*, kilemba kirefu kilichoshonewa mawe ya feruzi, ambacho hurithiwa mama hadi binti. Usiombe kukijaribu.

Kisha kuzungukiana kunaanza, wadogo wakienda kwa wakubwa. Fuata utaratibu huu:

1. Shika *khatag* kwa mikono miwili, umeinama kidogo, na umpe mkubwa wa nyumba kwanza.
2. Sema *Julley*. Neno hilo ni salamu, asante na kwaheri. Ongeza *Losar Tashi Delek*, heri ya mwaka mpya.
3. Mwite mzee kwa cheo chake cha ukoo: *meme-le* kwa babu, *abi-le* kwa bibi, *aba-le* kwa baba, *ama-le* kwa mama. Hilo *-le* la mwisho ndilo heshima, usiliache.
4. Keti unapoelekezwa.

Kitakachofuata ni chai ya siagi na chumvi, iliyosukwa kwenye mtungi mrefu wa mbao au, siku hizi, kwenye mashine ya umeme. Ichukulie kama supu na utaifurahia. Anayetarajia chai ya maziwa hushtuka. Kikombe hujazwa kila unapopunguza, huku ukihimizwa *don-le, don-le*, yaani karibu unywe. Ujanja ni kunywa funda dogo, kuacha kikombe kikiwa kimejaa, na kukimaliza pale tu unapoinuka kuondoka. Kumbuka una nyumba nyingine tano mbele yako.

Kuna pia *chang*, pombe ya shayiri. Kama hunywi, funika kikombe kwa kiganja, sema *Julley* kwa upole na utaje dini au afya yako. Utashawishiwa tena na tena, maana kushawishi ni sehemu ya ukarimu wao. Rudia jibu lilelile ukitabasamu; hakuna atakayechukia. Anayekunywa naye anywe kidogo, akikumbuka mwinuko ule.

Njiani utapita ukuta wa mawe yaliyochongwa maneno ya sala, au *chorten*, mnara mweupe wa ibada. Pita ukiuacha mkono wako wa kulia. Nyumbani, usinyooshee miguu madhabahu wala moto wa jiko, na usiruke chakula wala miguu ya mtu aliyeketi. Ukikosea, omba radhi mara moja uendelee.

Ukitaka kuona ngoma za vinyago za watawa, uliza kuhusu Spituk Gustor, ambayo huja wiki kadhaa baada ya Losar hii. Hiyo ni safari nyingine, na nyumba za watu hazitakuwa na shamrashamra hii.

## Hatua ya 9: Kuondoka

Malipo ya chumba na chakula mpe mwenyeji usiku wa kuamkia safari, pesa taslimu, ndani ya bahasha, kwa mikono miwili. Zawadi zako ulizotoka nazo nyumbani usizichanganye na malipo. Zilipaswa kutolewa siku ya kufika, au asubuhi ya mwaka mpya.

Piga simu shirika la ndege jioni hiyo kuthibitisha saa, kisha uweke dereva wa kijijini, anayejua barabara ikiwa na barafu, akufuate alfajiri na mapema. Ndege ikiahirishwa, usikae uwanjani ukigombana na watu wa kaunta. Jiandikishe kwa ya kesho, umpigie mwenyeji, urudi. Katika siku za Losar sufuria haiondolewi motoni, na ndiyo maana uliacha siku mbili za akiba.